Kufufua Pijo 504: kutoka banda la shambani hadi barabara ya Nakuru–Kisumu

Peugeot 504 ilizinduliwa Paris mwaka 1968, na huku kwetu Kenya iliunganishwa hadi 2004. Kwa watu wa Bonde la Ufa na Nyanza hili ndilo gari lililobeba kabichi za Molo, maziwa ya Njoro na maiti za kuzikwa nyumbani. Zile ndefu za safu tatu za viti ndizo zilizokimbiza abiria kati ya Nakuru, Eldoret na Kisumu kabla matatu za Nissan hazijazifukuza barabarani. Ndiyo maana hadi leo ukipita Subukia, Rongai, Muhoroni au Kitale utaona moja chini ya mti, kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma.

Pia ndilo gari la kale linalomfaa mtu anayeanza. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo za kale tunatafuta humu humu nchini. Morris Minor na Ford Anglia ni nzuri kutazama lakini spea zake ni za kuagiza Uingereza. Land Rover za zamani zina spea, ila bei yake imepanda kwa sababu kila mwenye kambi ya watalii anazitaka. Injini ya 504, ile ya sentimita za ujazo 1,971, ilitumika pia kwenye Pijo 505 na kwenye pikapu, kwa hiyo pistoni, gasketi na pampu za maji bado unazipata Kirinyaga Road, Nairobi, na kwa wauza spea wachache wa Nakuru.

Kanuni ya kununua ni hii: karatasi kwanza, bodi pili, injini mwisho. Wanunuzi wengi huanza kwa kufungua boneti. Injini utaipata, hata ikibidi kuitoa kwenye 505 iliyogongwa. Bodi isiyooza na logibuku (hati ya umiliki wa gari) iliyo halali hazichongwi na fundi yeyote.

Karatasi

Soma namba ya chesi kwenye kibati kilichopigwa ribiti ndani ya boneti, kisha tafuta namba ile ile iliyogongwa kwenye bati la bodi lenyewe. Zote mbili zilingane na logibuku. Kibati peke yake hakitoshi. Ribiti nne mpya zinazong'aa juu ya kibati cha miaka 45 ni sababu ya kurudisha pesa mfukoni. Ukiona bati lenye namba limezungukwa na mshono wa welda, acha gari hilo.

Kabla ya kulipa chochote, fanya upekuzi wa gari kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Utakachopata huwa ni kimoja kati ya haya: jina la anayeuza (safi), jina la mtu aliyeuza miaka 30 iliyopita bila kuhamisha, jina la marehemu, au hakuna rekodi kabisa kwa sababu gari halikuingizwa kwenye kompyuta.

Jina la marehemu ndilo utakalokutana nalo zaidi mashambani. Mwana mkubwa anaweza kuwa mkweli kabisa na bado hana mamlaka ya kuuza. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyepewa barua na mahakama, na gari liwe limetajwa katika mali ya marehemu. Kama familia haijaanza mirathi, lipa kidogo tu cha kushikia, kwa maandishi, mbele ya wakili, ueleze kwamba salio litatoka siku ya kuhamisha. Pikapu iliyonunuliwa kwa kaka mmoja huweza kudaiwa na dada watatu siku rangi yake mpya inapoonekana mjini.

Logibuku ikiwa imepotea, mwenye jina ndiye anayepiga ripoti polisi apate abstrakti na kuomba nakala. Wewe mnunuzi huwezi kumfanyia. Na kama injini imewahi kubadilishwa bila kuandikishwa, hesabu muda wa ukaguzi kabla ya uhamisho.

Kukagua bodi: sumaku, bisibisi na matambara

Nenda asubuhi, jua likiwa limeinama, maana mawimbi ya puti (uji mgumu wa kujazia mashimo ya bati) huonekana kwa mwanga wa kando. Beba sumaku ndogo ya spika iliyofungwa kitambaa, bisibisi butu, tochi na gunia la kulalia. Pitisha sumaku chini ya milango, juu ya matao ya magurudumu ya nyuma na kona za chini za mabawa ya mbele. Pale isiposhika kuna puti, na puti nene ina maana bati halipo.

Kisha lala chini. Gonga kizingiti cha mlango kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia kama debe tupu. Lililooza hulia puu, kama kugonga kiazi. Sukuma ncha pale penye shaka. Ikizama, usione haya mbele ya mwenyewe, mwonyeshe, kwa sababu hapo ndipo bei inaposhukia.

Sehemu tatu za 504 huamua kama uendelee au la. Ya kwanza ni vikombe vya juu vinavyoshika shokabu za mbele, ndani ya boneti kila upande. Uzito wote wa mbele unaning'inia hapo. Kutu inayotokeza kama maganda kuzunguka nati za juu ni kazi ya fundi wa bati mwenye ujuzi, si wa kubahatisha. Ya pili ni sakafu chini ya miguu ya dereva; inua kapeti na matambara yote. Ya tatu ni fremu ya kioo cha mbele, chini ya raba: maji hupenya hapo, yakashuka kimya kimya hadi sakafuni. Ukiona kapeti ya mbele ina ukungu na paa la juu ni zima, chanzo ni raba hiyo.

Gari lililokaa Nakuru, Naivasha au Gilgil kwa kawaida huwa kavu kuliko lililokaa Kisumu, Siaya au Busia, ambako unyevu wa ziwa haulali. Lakini lililoegeshwa juu ya nyasi, popote lilipo, huoza kuanzia chini. Lililoegeshwa kwenye saruji ndani ya banda la mabati ndilo la kukimbilia.

Ukikubaliana, usiondoke na gari peke yake. Mwombe mzee, au mama kama mzee hayupo, akuruhusu kutazama stoo na droo za kabati la sebuleni. Humo ndimo huwa kitabu cha dereva, vifuniko vya magurudumu, funguo ya pili, risiti za karakana, jeki ya awali na lile bamba jeusi la namba lenye maandishi meupe. Vitu hivi mwenyewe anaviona takataka, na baadaye vitakugharimu zaidi ya kabureta. Kunywa chai, uliza gari lilinunuliwa wapi na nani alikuwa dereva, na uandike majibu. Historia iliyoandikwa siku hiyo ina thamani wakati wa kuuza.

Kuamsha injini iliyolala

Usiguse ufunguo. Injini iliyokaa miaka 10 ina kutu nyembamba kwenye kuta za silinda, na staata ikiisukuma kavu, ringi za pistoni huvunjika. Fuata mpangilio huu.

1. Chomoa kijiti cha oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yamo ndani. Ruka hadi sehemu ya slivu (mabomba ambamo pistoni hucheza) hapa chini. Ikiwa nyeusi tu, imwage yote.

2. Toa plagi nne. Mimina kijiko kimoja cha chakula, kama mililita 15, cha mafuta ya giaboksi ya otomatiki katika kila silinda. Acha siku tatu. Ongeza kidogo siku ya pili.

3. Zungusha injini kwa mkono. 504 nyingi za mwanzo zina tundu la hendeli mbele. Isipokuwepo, tia spana kwenye nati ya kranki. Ikigoma, irudishe nyuma kidogo, kisha mbele, kidogo kidogo. Usiweke bomba refu kwenye spana ili kupata nguvu. Ikigoma kabisa baada ya wiki, hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, itatoka tu.

4. Tia oili mpya ya 20W-50, kama lita 4, na filta mpya. Plagi zikiwa bado nje, piga staata kwa sekunde 10, pumzisha dakika moja, rudia mpaka taa ya oili izime.

5. Tangi lishushwe. Petroli ya zamani hunuka kama vanishi na huacha utomvu unaoziba jeti, vitundu vya petroli vya kabureta. Mwaga, tia lita mbili za petroli safi pamoja na kokoto laini za kuoshwa, tikisa, mwaga, rudia mpaka itoke safi. Hakikisha umehesabu kwamba kokoto zote zimetoka. Kazi hii ifanyike nje, mbali na welda na jiko. Badilisha mipira yote ya mafuta. Ile ya zamani hupasuka mara tu petroli mpya inapoilowesha.

6. Safisha pointi (swichi ndogo inayokata umeme wa cheche) kwa kifaili chembamba, uweke nafasi ya milimita 0.40. Plagi ziwe 0.6. Badilisha kondensa hata kama inaonekana nzima.

7. Valvu zipimwe injini ikiwa baridi: za kuingiza 0.10, za moshi 0.25.

Hapa kuna mtego uliowashinda mafundi wengi wazuri. Kwenye Pijo, silinda namba 1 iko upande wa flaiwili, yaani karibu na dereva, si upande wa rejeta. Mfuatano wa moto ni 1-3-4-2. Fundi aliyezoea Toyota akihesabu kutoka mbele huku akifuata kitabu, waya za 1 na 4 hubadilishana, na za 2 na 3 vilevile. Cheche inafika pistoni ikiwa inatoa moshi badala ya kubana. Injini hupiga chafya kwenye kabureta, hulipuka kwenye ekzosi, na haiwaki. Baada ya hapo atafungua kabureta mara tatu akitafuta kosa ambalo halimo.

Ikiwaka mara ya kwanza, moshi wa buluu wa dakika tano ni mafuta uliyomimina. Moshi mweupe usioisha, wenye harufu tamu au unaokula maji ya rejeta, ni gasketi.

Slivu: mahali 504 inapoharibiwa na mafundi

Injini hii ina bloku ya chuma, hedi ya alumini, na slivu zinazozungukwa na maji moja kwa moja. Slivu hazikupigwa kwa nguvu ndani ya bloku. Zimekaa tu juu ya sili nyembamba chini, na hedi ndiyo inayozikandamiza. Ukitoa hedi, hakuna kinachozishika.

Ndiyo sababu hedi haiinuliwi moja kwa moja kwenda juu. Gasketi iliyokaa miaka mingi imegandana na slivu, na ukiivuta juu itazing'oa pamoja nayo. Legeza boliti zote, kisha weka vyuma viwili vya mkono kwenye matundu ya hedi na uitikise mbele na nyuma mpaka gasketi iachie. Ndipo uinue.

Kabla ya kufanya kitu kingine chochote, funga slivu. Kata vipande vya bomba vyenye urefu wa sentimita 2 au 3, pitisha boliti ndani yake, tia washa pana inayolalia ukingo wa slivu, na ukaze kidogo kwenye tundu la boliti za hedi. Kila slivu ishikwe sehemu mbili. Sasa unaweza kuzungusha kranki na kusafisha pistoni. Fundi akizungusha kranki bila vifungo, pistoni huinua slivu nusu milimita, uchafu huingia chini ya sili, na baada ya wiki mbili utaona maji kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Utaambiwa hedi imepasuka. Hedi haina kosa.

Pia hakikisha slivu zinachomoza juu ya uso wa bloku kwa kiwango sawa. Weka rula ya chuma iliyonyooka na fila geji (vibati vya kupimia nafasi ndogo). Kitabu cha karakana kina kipimo kamili. Slivu moja ikiwa chini kuliko jirani yake, gasketi mpya itaungua hapo hapo. Usisawazishe kwa kusaga bloku bila kutoa slivu, jambo ambalo limewahi kupendekezwa na watu wanaopaswa kujua zaidi.

Boliti za hedi hukazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu tatu, na spana ya kupimia nguvu. Kaza tena baada ya injini kupata joto na kupoa kabisa, kisha baada ya kilomita 1,000, na kila ukikaza, pima valvu upya.

Maji ni jambo lenyewe. Maji ya visima vya Nakuru yana chumvi na floridi nyingi, na ukiyatia kwenye rejeta kila siku yanaacha ukoko kwenye bloku na kula alumini. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa au maji ya betri, changanya na kulanti (dawa ya rejeta) nusu kwa nusu. Kwa mwinuko wa Nakuru, mita 1,850 hivi, maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 94. Kwa hiyo kifuniko cha rejeta chenye raba iliyokufa kinaweza kukuchemshia injini ambayo haina ugonjwa wowote. Kifuniko kipya ni bei ya chakula cha mchana.

Feni ya 504 ni ya sumaku ya umeme: hushika maji yakipata joto, huachia yakipoa. Nyingi zilifungwa kwa boliti zizunguke daima, baada ya brashi ya kaboni kwisha. Gari hutembea, ila feni hiyo hula nguvu na petroli. Kuirudisha kunahitaji brashi mpya, swichi ya joto na kusafisha pete ya shaba. Mnunuzi mjuzi huangalia feni kwanza. Humwonyesha kama mfufuaji alikuwa na subira.

Klachi na giaboksi nitazipita haraka, ila jua kwamba propela ya 504 (mhimili unaopeleka nguvu nyuma) imefichwa ndani ya bomba linalounganisha giaboksi na difu, gia za ekseli ya nyuma. Kutoa giaboksi kunamaanisha kusogeza sehemu ya nyuma ya gari. Klachi ni kazi ya siku mbili. Ukifika huko, badilisha kila kitu, pamoja na beringi na sili ya nyuma ya kranki.

Mwenye Pijo 404 azingatie hili: difu yake ina gurudumu la bronzi linalozungushwa na skrubu. Oili ya kawaida ya difu, yenye dawa za salfa, hula bronzi. Ulizia oili inayofaa bronzi kabla hujamwaga ile ya zamani.

Breki

Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani. Gari lililolala Kisumu miaka mitano lina maji ndani ya mabomba. Fungua silinda za magurudumu na upitishe ukucha ndani ya ukuta. Ukucha ukikwama kwenye kishimo, kubadilisha raba peke yake ni kujidanganya: zitashika wiki mbili, kisha gurudumu litalowa. Silinda ibadilishwe, au ichongwe na kuwekwa slivu ya chuma kisichoshika kutu.

Mipira yote ya breki itupwe bila mjadala. Huvimba ndani, ikawa kama mlango wa upande mmoja: breki zinashika, haziachii, na gurudumu hupata moto. Wengi hulaumu masta silinda, ile pampu kuu ya breki.

Usiongeze oili yoyote isiyokuwa mafuta ya breki. Kijiko kimoja cha oili ya injini hufurisha raba zote za mfumo, na utaanza upya. Tumia mafuta ya breki ya DOT 4, toa hewa kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda.

Kutu na rangi

Usikate vizingiti vya milango kabla ya kulehemu vyuma vya kushikilia tundu la mlango, kutoka nguzo hadi nguzo. Bila hivyo gari hujikunja milimita chache na mlango hautafungika tena, hata ukipaka rangi ya dhahabu. Kata hadi kwenye bati linalong'aa. Kiraka cha juu ya kutu ni kuificha tu.

Bati la milimita 0.9, geji 20, linafaa mabawa na sakafu. Vizingiti vinataka 1.2, geji 18. Welda ya gesi ya kaboni yenye waya wa 0.8 ndiyo bora. Mashine ya elektrodi za jua kali hutoboa bati jembamba, na moto wa oksijeni huikunja. Lehemu kwa vituo vya sentimita 3 ukiruka huku na huku, ili joto lisikusanyike.

Puti isizidi milimita 3. Msasa uende 80, 180, 320, kisha 400 wa maji. Rangi za zamani zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo sugua kwa maji na uvae barakoa, na watoto wakae mbali na vumbi hilo. Praima ya epoksi ndiyo inayoziba. Ile nyekundu ya mageti hunywa maji, na gari lililoachwa nalo nje msimu wa masika linapata kutu chini ya praima. Rangi ya 2K (ya kuchanganywa na dawa ya kukausha) ina sumu ya hewani: barakoa ya kitambaa haitoshi, inahitajika yenye filta.

Chagua rangi ya kiwandani. Ile ya awali utaiona nyuma ya taa za mbele, chini ya raba za milango na chini ya kiti. Metaliki ya kisasa huiondolea Pijo thamani. Ukibadilisha rangi, iandikishe kwenye rekodi ya NTSA.

Bampa za 504 ni chuma kisichoshika kutu. Usizipeleke kwa wapaka kromu. Fundi azinyooshe kwa nyundo ya raba kwa ndani, kisha asugue na kupiga polishi. Tairi za 185 R14 za magari ya mizigo, zile za matatu za zamani, zinapatikana na zinafaa zile ndefu na pikapu.

Kila boliti iliyotoka iwe na mahali pake. Mikebe ya Blue Band na mifuko midogo, kila moja na karatasi yenye jina la sehemu, pamoja na picha ya simu kabla ya kutoa kitu chochote. Gari likikaa gereji miaka miwili, utakumbuka sura ya boliti lakini si pahali pake.

Majaribio barabarani

Kwenye mwinuko wa Nakuru hewa ni nyepesi, na kabureta iliyopimwa kwa usawa wa bahari humwaga petroli kupita kiasi. Plagi nyeusi kama masizi ndiyo dalili. Punguza jeti kuu hatua moja, kwa mfano kutoka 135 hadi 130. Usiitoboe wala kuijaza risasi. Ukishukia Kisumu, mita 1,130 hivi, sikiliza injini ikipanda mlima mdogo na gia kubwa: mlio kama misumari kwenye kopo unamaanisha mchanganyiko umekuwa mwembamba au moto unatangulia mno.

Safari ya kwanza iwe kuzunguka mjini. Ya pili, Njoro na kurudi. Ya tatu ndiyo mtihani: panda hadi Mau Summit ukitazama geji ya joto, kisha teremka kupitia Kericho kuelekea Awasi na Ahero. Mteremko huo utakuambia ukweli kuhusu breki. Shuka kwa gia ya tatu. Ukisimama, gusa rimu kwa nyuma ya mkono: moja ikiwa moto kuliko zingine, kuna kilichokwama.

Vitu vya kumbukumbu

Pijo haitenganishwi na Safari Rally. Mashindano yalianza 1953 kwa jina la Coronation Safari. 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. 504 ilishinda 1975 na 1978. Bamba za namba za magari ya mbio, programu za mashindano, mabango, ramani za zamani za chama cha magari, vibati vya karakana, mikebe ya oili na mabango ya enameli ya vituo vya petroli vyote vina watafutaji.

Anayekuuzia bamba la Safari, mwulize mwaka, kisha tafuta programu ya mwaka huo, ambayo huorodhesha namba na washiriki. Bamba lenye namba isiyokuwa kwenye orodha ni pambo. Gari likidaiwa kushiriki, dai picha inayoonyesha namba ya usajili, si hadithi ya jirani.

Bango la enameli lisisuguliwe kwa waya wala sandipepa. Sabuni na kitambaa laini vinatosha, na kutu kwenye kona iachwe. Karatasi zikae ndani ya bahasha, ndani ya sanduku la chuma, mbali na sakafu: Kisumu ukungu huzila, Nakuru ni mchwa. Usipige lamineti programu ya zamani. Thamani yake hufia kwenye plastiki hiyo.

Kuuza

Usijumlishe risiti zako ukazitaja kuwa bei. Anayefufua kwa kulipa mafundi mara nyingi hutumia zaidi ya atakachopata; anayefanya mwenyewe hupata ujira wa mikono yake. Wanunuzi hulipia vitu vitatu: uasilia, karatasi, na picha za hatua za kazi. Picha ya kizingiti kikiwa wazi, bati jipya likionekana, hushinda maneno yote.

Soko la Nakuru na Kisumu ni dogo. Wanunuzi wa pesa nzuri wako Nairobi, na wengi huonekana kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance, ambayo yalianza 1970. Tangaza ukitaja mwaka, aina ya injini, rangi ya awali, kilichobadilishwa na kilichobaki kibovu. Kutaja ubovu mmoja mwenyewe huokoa safari za bure na huzuia mnunuzi kuubeba kama silaha.

Siku ya kuonyesha, injini iwe baridi. Mjuzi ataweka mkono kwenye boneti kabla hajakusalimu vizuri. Ikiwa na joto, atajua umeificha tabia yake ya kuwaka. Mpe nafasi ya kuendesha, wewe ukiwa kando, na bima iwe hai. Malipo yapitie benki, na uhamisho ukubaliwe kwenye akaunti yake ya eCitizen pesa zikishaonekana kwako. Vifuniko vya magurudumu, kitabu cha dereva na bamba jeusi viorodheshwe kwenye mkataba kimoja kimoja, la sivyo vitadaiwa baada ya mwezi na nyote wawili mtakuwa mkikumbuka tofauti.